Jumatano Aliyoiomba Bi Zuwena

Naikumbuka Jumatano moja kule Ibra, Omani, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, alisimama mlangoni mwa majlisi, sebule yetu ya wageni, kavaa buibui lake, kikapu mkononi, viatu keshavitia miguuni. Mimi nilikuwa mbele ya ubao na chaki yangu. Binti yangu Shemsa, mtoto wa miaka kumi, kainamia daftari. Mlango ulikuwa wazi, na nyumba ilikuwa ya mwanawe mwenyewe wa kumzaa, lakini Bi Zuwena alibisha hodi, akangoja nigeuke, ndipo akasema:

"Abla, naomba ruhusa. Nataka kwenda na Shemsa soko la wanawake, mara moja tu."

Abla ndiyo wanavyomwita mwalimu wa kike mashuleni kule. Mama mkwe wangu, aliyenipokea kwake nikiwa bibi harusi, aliniita hivyo pasina kejeli, na mimi nikaitika.

Nimesikia unataka kuwasomesha wanao nyumbani. Wamekwambia nenda kamuulize Bi Raya, yeye alimsomesha wake na mtoto akafaulu. Ni kweli, alifaulu. Wanaokutuma kwangu huishia hapo, na mimi kwa miaka mingi nimewaachia waishie hapo hapo, maana sifa ni tamu, hata ile usiyoistahiki. Leo nitakueleza yaliyobaki. Kaa vizuri, kahawa hiyo usiiache ikapoa.

Shemsa alizaliwa na ugonjwa wa damu, huu ulio mwingi katika jamaa zetu. Ukimjia, mifupa humuuma mpaka hawezi kushika kijiko. Akipigwa na baridi unamjia, akichoka unamjia, na siku nyingine humjia bure tu. Darasa la nne alilikosa nusu nzima, na mudira, mwalimu mkuu wa shule, akaniita akanambia mtoto huyu atarudia mwaka. Na alikwisha kurudia mmoja. Binamu zake wa umri wake walikuwa washamwacha nyuma, na mama zao walikuwa wakiniuliza habari zake kwa huruma ya aina ile, unaijua, ambayo ungependa wakutukane kuliko kukuonea.

Mimi nilikuwa mwalimu, na hodari, usinione nimekunjamana hivi. Nikamwambia mudira, huyu nitamsomesha mwenyewe nyumbani, mje mumpe mtihani mwisho wa mwaka pamoja na wenziwe. Akakubali. Nikaacha kazi. Mume wangu Nassor, aliyekuwa akifanya kazi baladiya, manispaa ya mji, akasema, "Haya, inshaallah kheri," na mtu mpole kama Nassor ukimsikia kasema hivyo ujue ana wasiwasi.

Basi nikaigeuza nyumba. Majlisi tuliyokuwa tukipokea wageni nikatia ubao na dawati. Ratiba nikaibandika ukutani kwa rangi tatu. Nikatafuta na kengele ya shaba ya kutikisa kwa mkono, nikawa naitikisa asubuhi kana kwamba nina wanafunzi mia mbili, kumbe ninaye mmoja, na ameketi hatua tatu kutoka nilipo. Cheka, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nikicheka, mwanzoni.

Nikaweka na kanuni mbili. Ya kwanza, wakati wa masomo mimi si mama, ni Abla. Niliona mtoto akiniita mama atadeka. Ya pili, tangu kengele ya asubuhi mpaka adhuhuri hakuna Kiswahili ndani ya nyumba, ni Kiarabu tu. Hii ilikuwa na kisa chake. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Ibra, msimamizi alinisahihisha Kiarabu changu mbele ya darasa zima, na wasichana wakacheka kwenye mitandio yao. Sisi tuliotoka Unguja tulikuwa tukilisikia lile neno Zinjibari likisemwa kwa dharau nyuma yetu, na mimi nikaapa binti yangu hatalisikia. Sikuwaza kwamba ndani ya nyumba yangu alikuwemo mtu ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha sokoni tu.

Bi Zuwena alizaliwa Malindi, Unguja mjini, akaja Omani mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, cha taratibu, kila neno na heshima yake. Asubuhi Shemsa alikuwa akitoka kitandani moja kwa moja chumbani kwake, "Shikamoo Bibi," "Marahaba mwanangu, umeamkaje na miguu yako?" Kisha bibi hummiminia mafuta ya simsim yaliyopashwa moto kidogo, akamkanda, huku akimhadithia vituko vya mtaani kwao alipokuwa kigori. Kanuni yangu ilipoanza, shikamoo ikawa sabahu lkheri. Sabahu lkheri haihitaji kukaa, mtoto husema akapita.

Alikuwapo na jirani yetu, Bi Asha, Mpemba. Kila siku saa tatu asubuhi akija kunywa kahawa na Bi Zuwena, tende zao katikati, wakizungumza mpaka mchana. Pale Ibra hakuna nyumba inayomfungia mgeni wa kahawa, mwanangu. Hata nyumba yenye ugomvi hufungua. Mimi nikamwambia Bi Asha, kwa adabu zangu zote, kwamba asubuhi tuna masomo, aje alasiri. Akasema, "Wala usijali, mwanangu." Alasiri alikuja mara mbili. Baadaye hakuja tena, maana alasiri alikuwa na wajukuu wake. Bi Zuwena akawa anakunywa kahawa yake peke yake chumbani, na birika lile kubwa akalirudisha kabatini, akatumia dogo.

Hayo yote niliyaona. Usidhani sikuyaona. Nilijiambia ni ya mwaka mmoja tu, mtihani ukipita tutarudi kama zamani.

Siku moja nilitoka jikoni kabla kengele ya mapumziko haijalia, nikamkuta Shemsa hayupo dawatini. Nikamfuata chumbani kwa bibi yake. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, meno kayauma, machozi yanamtoka kimyakimya, na Bi Zuwena anamkanda magoti, anamnong'oneza kwa Kiswahili. Mtoto maumivu yalimjia tangu asubuhi. Alikaa na mimi masomo mawili mazima, akaandika imla nzima, hakunambia. Akatoroka kwenda kumwambia bibi yake kwa kunong'ona, na akiogopa hata kunong'ona, kwa kuwa ni Kiswahili.

Mwanangu, mama mwenye akili angeinama akamkumbatia. Mimi nilisema, "Kwa nini hukuomba ruhusa?"

Shemsa akajiinua kwa viwiko, akasema kwa Kiarabu safi kabisa, "Samahani, Abla."

Bi Zuwena hakunitazama. Aliendelea kukanda.

Mchana ule nilimkuta jikoni, kakaa kwenye kibao, uteo mapajani, anachagua mchele. Nikapita kuchukua maji. Akasema bila kuinua kichwa:

"Raya, mwanangu, nikwambie kitu, hutanikasirikia?"

"Sema tu, Mama."

"Huyu mtoto keshapata mwalimu. Mwalimu mzuri, wallahi, sina neno. Lakini mama yake yuko wapi siku hizi? Mie simuoni."

Nikamjibu kwamba yote nafanya kwa ajili yake, na kwamba shule za hapa si kama za Unguja za zama zao, yeye hajui mambo haya. Nilisema hivyo, hujui. Kumwambia mtu aliyelea watoto sita na kuwazika wawili.

"Ni kweli, sijui," akasema. "Nimekwambia hicho ninachokijua." Akaendelea kupepeta mchele wake.

Nassor naye alijaribu. Aliniambia siku moja, "Raya, mimi siku hizi nikirudi kazini nahisi nimeingia ofisi nyingine." Nikamwambia avumilie.

Sasa nirudi kwenye Jumatano yangu. Iddi Kubwa ilikuwa inakaribia, na baada yake mtihani. Miaka ile mwisho wa wiki wetu ulikuwa Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo Jumatano ilikuwa siku ya mwisho ya masomo, na mimi niliiweka kuwa siku ya mtihani wa wiki. Na Jumatano hiyo hiyo asubuhi ndiyo siku ya soko la wanawake pale Ibra. Wanauziana wanawake kwa wanawake, mwanamume hatii mguu. Bi Zuwena alikuwa akilipenda soko lile mno. Zamani Jumatano Shemsa akirudi shule hukuta bibi kesharudi na halwa na ubani na hadithi za sokoni. Siku za likizo huenda pamoja, wameshikana mikono.

"Nataka kwenda na Shemsa soko la wanawake, mara moja tu."

"Mama, leo ni imtihani," nikasema. "Jumatano ijayo, inshaallah."

"Hatutakawia. Saa moja tu. Nina haja naye kule."

"Haja gani, Mama? Niambie, nitakununulia mimi."

Akanitazama, akamtazama Shemsa. Nikaona anataka kusema, kisha akaona afadhali asiseme. Shemsa alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye daftari. Hakuomba, maskini. Alinitazama tu, kalamu imesimama hewani, na mimi nikagonga ubao kwa kidole ili ainame aandike.

"Basi Jumatano ijayo," akasema Bi Zuwena. "Taib, Abla." Akaenda peke yake. Nikasikia geti likifungwa polepole, kama alivyokuwa akilifunga siku zote ili asitusumbue.

Jumamosi, wakati anatawadha kwa sala ya adhuhuri, alianguka. Tukampeleka hospitali. Upande mmoja wa mwili ulikuwa hauna nguvu, na ulimi mzito. Shemsa akataka kwenda kumtazama. Nikasema asiende, wodini kuna maradhi, na yeye damu yake dhaifu asije akaambukizwa. Na nilikuwa naogopa kweli, lakini nikikuficha mengine hii nasaha haitakuwa na maana. Katika katazo lile na hisabati ilikuwemo. Tulikuwa tumebakiwa na milango miwili ya hisabati.

Jumanne, karibu na adhuhuri, Nassor aliingia kutoka hospitali. Alisimama pale pale mlangoni aliposimama mama yake wiki ile, kilemba mkononi. "Inna lillahi," nikasema mimi, na chaki ikanianguka.

Shemsa alikuwa dawatini. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Kisha akainua mkono, namna niliyomfundisha, kiwiko juu ya dawati, kidole kimoja juu.

"Naam, Shemsa," nikasema. Nilisema hivyo kwa mazoea tu, wallahi, ulimi ulijisemea wenyewe.

"Abla, naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini, mama?"

"Ya kulia."

Nassor akatoka nje. Mimi nilikwenda nikapiga magoti mbele ya lile dawati, nikamshika mwanangu, nikamwambia lia, lia mama, lia kwa lugha yoyote. Akalia, lakini kwa adabu, kauziba mdomo wake kwa kiganja, na mpaka sasa nikiwa peke yangu nikimkumbuka na kile kiganja, mimi hulia kwa sauti kwa niaba yake.

Tulimzika alasiri ile ile. Nyumba ikajaa watu siku tatu, mlango wazi, kahawa haikatiki, Bi Asha ndiye aliyelishika birika kubwa. Niliwatazama wale wanawake wamekaa katika majlisi yangu chini ya ratiba yangu ya rangi tatu, wakizungumza Kiswahili na Kiarabu vimechanganyika, nikafahamu kwamba hivi ndivyo Bi Zuwena alivyokuwa akitaka asubuhi zake ziwe.

Jumatano ya wiki iliyofuata, matanga yamekwisha, nilimchukua Shemsa, nikampeleka soko la wanawake. Sikujua tunatafuta nini. Nilijua tu kwamba kulikuwa na haja. Tukazunguka katikati ya vitambaa na manukato, mpaka mwanamke mmoja wa makamo, mshonaji, akamtazama Shemsa miguuni kabla ya usoni.

"Wewe ndiye mjukuu wa Bi Zuwena?" akauliza kwa Kiarabu. "Yuko wapi mwenyewe?"

Nikamwambia. Akamrehemu, akainama chini ya meza yake akatoa furushi. Ndani mlikuwa na kanzu ya kijani na suruali yake, nguo ya Iddi ya wasichana wa Sharqiyah, mkoa wetu ule, ile ambayo pindo za miguu hutiwa zari mpaka zinakuwa ngumu. Unazijua. Pindo lile hubana, haliwi pana, lazima lipimwe na mguu wenyewe ili kisigino kipite na juu likae sawasawa.

"Nilimwambia mlete mtoto nimpime," akasema yule mshonaji. "Zari ikishashonwa hairudi. Kila Jumatano nikimwambia, naye akinijibu mtoto yuko darasani. Jumatano ya mwisho kaja, kaleta huu, kanambia basi shona kwa huu."

Alinipa uzi mweupe, umefungwa fundo. Bi Zuwena alimpima mjukuu wake kifundo cha mguu wakati akimkanda mafuta, ili asijue. Alikuwa akitaka kumshtua kwa furaha. Na Shemsa akaukumbuka ule uzi. "Bibi alinifunga," akasema, "wakati wa baridi. Akanambia ni dawa."

Wakati wa baridi, mwanangu. Na sasa joto lilikuwa limeshaingia. Mtoto alikuwa amekua mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa natazama daftari.

Tulipofika nyumbani alitaka kuivaa hapo hapo. Kanzu ilimfika juu kidogo. Suruali, kisigino hakikupita. Akakaa chini akasukuma, akatia mafuta ya bibi yake yaliyobaki kwenye chupa, akasukuma tena mpaka ngozi ikachubuka. Nikamwambia ngoja niifumue, nitaongeza kitambaa. Akaikumbatia kifuani akasema, "Usiiguse." Hakunambia Abla wala Mama, alisema usiiguse tu. Anayo mpaka leo katika kasha lake, na haijapata kuvaliwa.

Mtihani alifanya, akashika nafasi ya pili katika darasa zima. Mudira alinipongeza. Niliurudisha ubao kwa mwenyewe aliyeniazima, dawati nikampa jirani, na kengele ile nikaitia mfukoni nikaenda kuitupa pamoja na taka. Mwaka uliofuata Shemsa alirudi shule, akiumwa anabaki nyumbani, na siku za kuumwa hatukufungua kitabu.

Kwa hiyo sikwambii usiwasomeshe wanao. Wasomeshe. Mtoto mgonjwa, mtoto mzito, mtoto anayeonewa, nyumbani huweza kuwa rehema kwake, na mimi nimeyaona manufaa yake kwa macho yangu. Ninalokwambia ni kwamba masomo yawe mgeni ndani ya nyumba yako, yaje kwa saa zake na yaage. Yasije yakawafanya wenye nyumba wawe wageni. Ukiona mama yako au mama wa mumeo anabisha hodi mlango ulio wazi, funga kitabu siku hiyo, usingoje nyingine. Akikuomba Jumatano, mpe ile ile aliyoiomba. Mwenye kukujia kwa kahawa mfungulie, watoto watasoma huku wakisikia watu wakicheka, hawatadhurika. Lugha ya bibi yao usiifanye kosa. Na mtoto akikwambia kunauma, au asipokwambia ukamwona kanyamaza mno, weka chaki chini kwanza, mengine utauliza baadaye. Mumeo naye akirudi kazini aikute nyumba. Mwalimu mwingine utamtafuta ukampata, hata Nizwa, hata Sur, wamejaa. Wewe ukiacha kuwa mama yao, wao watakwenda kumtafuta nani?

Shemsa sasa yuko Nizwa, ana mume na watoto wawili, na afya yake Mungu anaihifadhi. Hunipigia simu kila asubuhi. "Shikamoo, Abla," husema. Watoto wake hucheka, wanadhani ni mzaha wetu wa zamani. Wakati mmoja nilimwomba aliache jina hilo. Akajaribu, maskini, mtoto mwenye utii yule. Siku mbili tatu akaniita Mama, na kila mara nilimsikia akisita kabla ya kulitamka, kama mtu anayekumbuka jibu. Nikamwambia wacha, niite ulivyozoea.

Basi, mwanangu, nenda kwako. Mwenyezi Mungu akupe subira bila ukali na elimu bila kiburi. Akuwekee wazee wako mpaka wanao wawajue kwa sauti zao. Awaponye wanaougua ndani ya nyumba yako. Na wanao wakuite mama leo wakiwa wadogo, na wakuite mama wakiwa watu wazima wenye mvi, na litoke lenyewe midomoni mwao, wasilifikirie. Amin.